Zimwi Aliyelipa Asali

Sogeeni, sogeeni! Mwenye usingizi ajifinye, ngano yangu haimngoji mtu.

Hapo kale zimwi mmoja aliwaweka Mwanatenga, Chande na Makame wachimbe kisima, kabla kiu haijakimaliza kijiji. Kila jioni alikigonga chungu chake cha ajabu, kikamwaga asali. Siku ya kwanza walichimba wakiimba. Siku ya pili walichimba wamenuna. Siku ya tatu majembe yakalala.

"Asali yangu ina nini?" zimwi akanguruma. "Nitawameza!"

Mwanatenga akacheka. "Ni tamu, babu, ila tumeikinai. Mbona hukutuuliza tunachotaka?"

Zimwi akawauliza. Chungu kikagongwa, Mwanatenga akapata kanga mpya. Kikagongwa, Chande akapata mkeka na ruhusa ya kulala adhuhuri. Kikagongwa, ikatoka ngoma ikiimba jina la Makame, naye akachimba kama fuko! Maji yakabubujika.

Watu wakinywa na kucheza, Mwanatenga akamwona zimwi kajitenga. "Na wewe, babu, unataka nini?"

Zimwi akainama. "Sijawahi kuulizwa. Nataka kula na watu."

Wakampisha mkekani. Ngano yangu imefika. Anayebisha akamwulize zimwi, bado anakula.