Mtu Aliyechunga Joto la Kadi

Mtu mmoja wa Muheza, jina lake Mhina, alikuwa na kompyuta mpakato ya kuchezea gemu, naye aliipenda kuliko chochote alichowahi kununua. Ndani ya kompyuta ya namna hiyo mna kadi inayochora picha za mchezo, na kadi hiyo ikifanya kazi nyingi huchemka. Mhina aliogopa isije ikaungua. Akaweka programu ya kumwonyesha joto la kadi, tarakimu ndogo kwenye pembe ya kioo: kijani ikiwa salama, nyekundu ikiwa hatarini. Kila mara macho yake yalikimbilia pale. Kompyuta yenyewe aliipangusa vumbi kwa brashi laini, akaiinua juu ya vipande vya mbao ipate hewa chini, na feni pekee ya nyumba akaielekeza kwenye mashine hiyo.

Watu walimsifu kwamba ni mtu anayejua kutunza vitu. Na kweli alijua.

Mkewe aliitwa Riziki. Siku moja aliamka na homa. Alichota maji, akapika, akamtengea mumewe chakula pembeni ya mashine. Yeye mwenyewe hakula. Mhina hakugundua, kwa kuwa siku hiyo kulikuwa na mashindano mtandaoni na alikuwa amebakiza mchezo wa mwisho. Ilipofika adhuhuri chumbani hakukaliki. Riziki akaja sebuleni, akajilaza kwenye mkeka, akanyoosha mkono na kuigeuza feni imwelekee yeye.

Tarakimu ikapanda. Ikawa nyekundu. Mhina akainuka, akairudisha feni ilikokuwa, macho yakiwa bado kwenye kioo.

"Riziki, hii ikizidi joto inazima," alisema.

"Na mimi nikizima?"

Mhina akacheka, akidhani anataniwa. Akavaa hedifoni, akaendelea. Akashinda. Alipogeuka kumwita mkewe aje aone, Riziki alikuwa anatetemeka mwili mzima, macho yamegeuka, haitiki.

Majirani ndio waliombeba. Hospitalini wakasema ni malaria, imeshapanda kichwani. Muuguzi akamuuliza Mhina homa ilianza lini, na kama ilikuwa kali tangu mwanzo. Aliyejibu ni mama wa nyumba ya pili, maana alikutana na Riziki bombani asubuhi, na kwa kumpa mkono tu wa kumsalimia alijua kwamba anaungua.

Riziki alipona. Kaka yake akaja kumchukua akapumzike kwao Pangani, na hakurudi tena. Mhina akawafuata wakwe akiwa na wazee wake. Akajieleza: hakuwahi kumpiga mkewe, hakuwahi kumtukana, hakuwa na mwanamke mwingine, hakumnyima chakula. Yote yalikuwa kweli. Riziki aliwakaribisha wageni kwa heshima, akawamiminia chai, na alipoulizwa mumewe kamkosea nini, hakupata hata neno moja la kuwatajia wazee. Alikataa tu. Wazee wakarudi wakisema mwanamke yule ana kiburi, na Mhina aliwaamini.

Nanyi mliotoka majumbani kwenu leo mkaja hapa kunisikiliza: yule mliyemwacha ndani, aliamkaje?