Neno la Siri la Sultani Mundhiri

Palikuwa na sultani mmoja, Mundhiri jina lake, mwenye kompyuta moja na majina ya sifa arobaini. Humo kwenye kompyuta aliandika anavyowaona mawaziri wake, na hakuwaona vizuri. Mwanamize, binti wa mshona viatu, aliwahi kuidukua akayasoma yote, akacheka hadi majirani wakasikia. Akala miaka mitatu jela.

Alipotoka akageuka fundi wa kufunga milango ile ile aliyokuwa akiivunja. Wafanyabiashara wakamgombania. Sultani naye akamwita barazani, mbele ya mawaziri, akamwamuru aifunge kompyuta yake isiingilike. Kisha akaipigia muhuri amri: siri ikitoka, aliyeitoa atafungwa miaka mitatu, awe nani awe. Kila mtu alijua anayelengwa. Mwanamize alijua kuliko wote, maana jela aliijua.

Siku tatu akaziba tundu moja baada ya jingine. Mwisho, barazani mbele ya mawaziri, akageukia ukutani asione, Sultani akaandika neno la siri alilolichagua mwenyewe.

"Haya, mwizi," akasema Sultani. "Sasa hakuna wa kuingia?"

"Limebaki tundu moja, Mtukufu."

"Liko wapi?"

"Naona vibaya kulitaja. Ila sokoni wanasema neno lako la siri ni jina la paka wako."

Mawaziri wakatazama miguu yao. Sultani akavimba.

"Paka?"

"Wengine wanasema ni la mama mkwe wako. Mimi nimekutetea, Mtukufu. Nimewaambia unamwogopa, lakini si kiasi hicho."

Mtu ana majina arobaini, aambiwe anamtegemea paka! Sultani akasimama, kilemba kikamwendea upande.

"Kawaambie hao wauza vitunguu," akanguruma, "neno langu ni Simba wa Nchi Saba, na mwishoni nimetia saba nyingine, ya tarakimu!"

Waziri Mkuu, ambaye kwa miaka mingi alitamani kujua anavyoonwa, akatoa kalamu taratibu akaandika kiganjani.

Ulimi uliponza kichwa, wahenga walisema, na hawakubagua kichwa chenye kilemba. Mwanamize akaichukua ile amri yenye muhuri. Akaisoma kwa sauti, bila haraka, na alipofika pale pa "awe nani awe" akapasoma mara mbili. Kisha akapiga goti kwa adabu zote.

"Mtukufu, ukifika chumba namba tisa, chukua kitanda cha mlangoni. Cha dirishani kinavujiwa."