Zimwi Lililomeza Mchango wa Kilima

Paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na kilima.

Cha nani?

Cha wote.

Na nani alikitunza?

Hakuna. Kila mmoja alimwachia mwenzake.

Hapo kale kilima hicho kilijaa migunga tangu chini hadi juu, na ubavuni pake ilitoka chemchemi. Watu wakakata migunga, wakachoma makaa, wakauza, wakala. Kukata kila mmoja alijua. Kupanda walisema ni kazi ya mwenyewe. Basi chemchemi ikakauka, na wajinga wale wakashangaa.

Palikuwa na mjane mfuga mbuzi, jina lake Nyamvula. Juu ya meko yake alitundika kibuyu cha mbegu za migunga, moshi uzikinge na wadudu. Zilikuwa mbegu za mwisho. Zikipotea hizo, maji hayarudi, na kijiji kitahama. Nyamvula alikuwa amemzika mumewe pale. Hakutaka kuhama.

Akawaendea wazee, akawaomba kila nyumba itoe mtama kidogo, ili wale watakaochimba na kumwagilia wasilale njaa. Wazee wakakaa kikao. Kikao cha kwanza wakala mbuzi, wakasema wamesikia. Kikao cha pili wakala mbuzi, wakasema wataangalia. Kikao cha tatu wakala mbuzi, wakasema mchango hauwezi kushikwa na mjane, unataka mlinzi wa heshima.

Siku moja mlinzi akaja. Kanzu nyeupe, tumbo limetangulia, kilemba kikubwa. Upepo ukakisogeza kilemba, na Nyamvula akaona kisogoni mdomo wa pili, mpana, hauna jino hata moja. Mdomo wa mbele ulikuwa wa kusemea, wa nyuma wa kumezea. Lilikuwa zimwi.

Akakimbia kumwambia Mzee Mwachiti, mkuu wa wazee. Mzee akacheka.

"Huo mdomo tumeuona, mama. Lakini zimwi likujualo halikuli likakwisha. Na hili tumeshajuana nalo."

Mnazisikia akili za watu wazima?

Basi zimwi likapanda kilimani, likaketi. Likasema, "Leteni mchango, mbegu zina njaa." Wakapeleka mtama, likameza. Likasema, "Leteni mchango, mbegu zina njaa." Wakapeleka mbuzi wa kijiji kizima, wa Nyamvula wakiwamo, likameza. Hakuna aliyeona hata shimo moja limechimbwa. Wazee wakasema kazi kubwa haiendi mbio. Likasema tena, "Leteni mchango, mbegu zina njaa." Hapo hapakuwa na kitu kilichobaki ila kile kibuyu.

Wazee wakamwamuru Nyamvula akipeleke. Akalia kwa hasira, kisha akafuta uso, akafikiri.

Mbegu ya mgunga ina ganda gumu. Haioti vizuri mpaka ipite tumboni mwa mnyama, ndiyo maana watu wa zamani wa pale walikuwa wakimwaga samadi ya mazizi yao kilimani. Lakini mbuzi wote walikuwa wameliwa. Pale kijijini lilibaki tumbo moja tu.

Basi Nyamvula akazichanganya mbegu na asali, akapeleka. Zimwi likageuza kisogo, likameza bila kutafuna, likalamba na kibuyu. Kisha likawa linazunguka kilima kizima likienda haja, huku kidogo, kule kidogo, maana asali ya ulafi haitulii tumboni. Mvua zilipoanza, likalala kileleni usingizi wake wa masika.

Na tumbo la zimwi lina uchawi wake. Kwa masika hayo mamoja migunga ikaota, ikarefuka, ikalizunguka zimwi mwiba kwa mwiba. Lilipoamka, tumbo lake halikupita katikati ya miiba.

"Leteni mchango," likaita.

Nyamvula akazunguka kwa majirani, akawasihi wasipeleke hata punje, mtama wao wa mavuno mapya wawape wanaomwagilia miche iliyochelewa chini ya kilima. Safari hii wakamsikiliza. Mtu akishakosa mbuzi hupata masikio.

Wazee je? Walipoona kilima ni kijani, wakasema mlinzi amefanya kazi. Wakatafuta mbuzi kijiji cha pili, waende kumshukuru. Nyamvula akasimama njiani.

"Msiingie, wazee wangu. Lina njaa."

"Mama, sisi ndio tuliomweka," akasema Mzee Mwachiti. "Tupishe."

Wakajipenyeza kwenye miiba, kanzu zikichanika. Zimwi likapokea mbuzi, likameza. Likapokea wazee, likameza mmoja mmoja. Mzee Mwachiti alikuwa wa mwisho, na hotuba ya shukrani alikuwa hajaimaliza.

Zimwi likaita tena mchango. Hakuna aliyepeleka. Likaita mpaka sauti ikakauka, likafa njaa pale pale, bila mkuki wala rungu. Maji yakaanza kutoka ubavuni mwa kilima, na Nyamvula hakuhama.

Ngano yangu imefika hapo, nami naitua. Mchango wa kilima mpeni anayeshika jembe. Mkimpa anayekikalia, msije kwangu kulia.