Wimbi la Dakika ya Tisa

Hapo zamani, na wala si zamani ya majini na masultani, ni zamani ya miaka hii hii yetu ya kukatikakatika umeme, palikuwa na mwanamke aitwaye Raya Mbaruku aliyekuwa akisomea uzamivu. Mwaka wa saba huo! Wenzake walioanza naye walishaitwa Daktari, wameoa na kuolewa, wamenenepa. Yeye yuko palepale, kwenye bwawa la maabara lililo refu kama korido ya hospitali, anatengeneza mawimbi.

Msicheke. Kazi ilikuwa ya maana. Kuna watu waliotaka kusimamisha minara ya umeme wa upepo katikati ya bahari, nao wakauliza: likija wimbi kubwa kupita yote, mguu wa mnara utahimili au utavunjika? Raya akatengeneza mguu mdogo wa mfano, akausimamisha bwawani, akawa anaupiga kwa mawimbi. Miaka sita mguu haukutikisika. Na tasnifu isiyo na jibu si tasnifu.

Alikuwa na watu wawili. Mzee Chengo, fundi wa bwawa, ndiye aliyebonyeza swichi ya mtambo unaosukuma maji. Lukiko, mwanafunzi mwenzake, naye akisomea uzamivu, ndiye aliyetunza vipimo kwenye kompyuta. Na bwawa lilikuwa na sharti moja: wimbi likishapita, subiri dakika ishirini maji yatulie, ndipo ubonyeze jingine. Bonyeza, pima, subiri dakika ishirini. Bonyeza, pima, subiri dakika ishirini. Kutwa nzima, mwaka mzima. Mtu anachoka mpaka kope zinauma.

Siku moja walikuwa wamefika wimbi la kumi na nne. Mzee Chengo miguu imemvimba, anataka kwenda zake kulala. Hakungoja. Dakika ya tisa akabonyeza. Wimbi likainuka, likakutana na mabaki ya lile lililotangulia, likapanda mpaka likarowesha taa, likashuka juu ya mguu. Kacha! Mguu vipande viwili.

Raya akatazama namba. Zilikuwa mara mbili ya zote alizowahi kuona. Akadhani mtambo umeharibika, na hakuwa na nguvu ya kudhani kitu kingine.

"Futa hiyo," akamwambia Lukiko. "Futa, twende nyumbani."

Lukiko akasema amefuta. Hakufuta.

Baada ya wiki mbili akamwendea. "Dada Raya, usinikasirikie. Lile wimbi ninalo. Nimelikagua kila upande, namba zake ni safi. Mtambo haukuwa na kasoro."

Haya, kazi ikaanza upya. Mguu mpya, wimbi lilelile. Bonyeza, pima, subiri dakika ishirini. Halikuja. Mwezi mzima, halikuja. Miezi mitano, wallahi, halikuja, na Mzee Chengo yupo pale anabonyeza, anajua, kimya! Alikuwa amebakiza mwaka mmoja astaafu, akaogopa kufukuzwa.

Mpaka siku ile Raya alipokaa chini, kwenye sakafu yenye maji, akalia. Hakulia kwa sauti. Alilia taratibu, kama mtu anayepumzika. Mzee akashindwa kuvumilia.

"Mwanangu, siku ile sikungoja. Nilibonyeza dakika ya tisa."

"Miezi mitano, Mzee Chengo! Miezi mitano unanitazama tu?"

"Nisamehe. Miguu iliniuma, halafu nikaogopa."

Raya alitaka kumtukana, akakosa hata pumzi ya kutukana. Akabaki ameyakodolea macho yale maji. Kisha ikamjia: kwani baharini nani anasubiri maji yatulie? Dhoruba ya jana haijaisha, ya leo imeshaingia juu yake. Sharti lao la dakika ishirini ndilo lililokuwa likiwaficha wimbi lenyewe.

Akainuka. Akapiga mawimbi mia mbili na kumi na moja, ya dakika ya nane, ya tisa, ya kumi, mpaka akajua kwa nini wimbi linapanda na mguu unavunjikia wapi. Akaandika hesabu zake kurasa tisini. Wajenzi wakasoma, wakaongeza unene wa miguu ya minara yao.

Mnadhani yameisha? Profesa aliyewasimamia Raya na Lukiko akawaita wote watatu, akaweka fomu mezani. "Ugunduzi unaandikwa jina moja. Tasnifu mbili haziwezi kubeba ugunduzi mmoja, na asiyeandikwa hapa ataitoa sura hiyo kwenye tasnifu yake. Raya, jaza wewe, uniletee Jumatatu."

Raya bila sura hiyo alikuwa na nini? Miaka sita ya mguu usiotikisika.

Lukiko akaanza. "Dada, wewe ulisema nifute. Ningekutii, leo hakuna wimbi. Na mimi pia tasnifu yangu haina sura ya mwisho."

"Nyie mngesubiri dakika ishirini mpaka mzeeke," akasema Mzee Chengo. "Wimbi nimelitoa mimi. Miaka thelathini na moja nabonyeza mawimbi ya watu, wanakuwa madaktari, wanaondoka. Hakuna aliyeandika Chengo hata kwa penseli."

"Ulilitoa kwa uvivu, ukalificha!"

"Kwa uchovu, bwana mdogo, si uvivu. Chunga ulimi wako."

"Basi!" akasema Raya. "Mmoja alikosea, mwingine alihifadhi asichokielewa. Ni nani aliyekaa nalo mpaka likasema linatoka wapi?"

Lakini moyoni alijua neno "futa" lilitoka kinywani mwake, na si kwa ujinga. Lilitoka kwa uchovu, uchovu uleule wa Mzee Chengo.

Jumatatu asubuhi akaketi na fomu. Akiandika lake, mzee anastaafu hana alama popote duniani, na Lukiko anaanza upya. Akiandika la mwingine, miaka saba imekwenda na maji, naye hana saba mingine mwilini.

Mimi mkiniuliza, sisemi, nimechoka kama wao. Semeni nyie mliokaa mkasikiliza mpaka hapa. Yupo aliyelitoa wimbi kwa kukosea, yupo aliyekataa kulifuta, na yupo aliyeamuru lifutwe kisha akalielewa peke yake. Mstari wa jina kwenye fomu ni mmoja. Je, wimbi lile ni la nani?