Mapakacha Saba ya Bwana Chonge

Paukwa!

Pakawa!

Ala! Sauti gani hiyo? Nyie wa nyuma mmekula kweli? Paukwa!

Pakawaaa!

Haya, sasa nimesikia watu.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na baraza lao, palikuwa na ngiri jike akiitwa Nyamvula. Nyamvula alikuwa na watoto watatu, shimo la kulala, na magoti yenye sugu. Mnajua ngiri hulaje? Hupiga magoti, akachimba. Chimba, chimba, chimba. Nyamvula alichimba kutwa kwa sababu alichimba peke yake.

Baba wa watoto hao alikuwa Bwana Chonge. Meno mawili yamepinda, mkia juu, maringo mpaka kwenye kwato! Waliishi pamoja, wakashindwana, wakaachana. Kuachana kupo, jamani. Baraza likakaa, likaamua: kila mwezi ukiandama, Chonge apeleke pakacha moja la ndago, vile viazi vidogo vya ardhini, kwa wanawe. Moja tu.

Mwezi wa kwanza akapeleka. Watoto wakala, wakalala matumbo juu.

Mwezi wa pili Nyamvula akangoja pakacha. Badala ya pakacha akasikia pa-pa-pa-pa! Ni Digidigi, tarishi wa baraza, anakuja mbio anahema.

"Hodi, Bi Nyamvula!"

"Karibu, tarishi. Habari za huko?"

"Si nzuri sana, dada. Unaitwa barazani. Bwana Chonge amefungua kesi."

Sasa sikilizeni vizuri, maana baraza lile lilikuwa na desturi mbili. Ya kwanza: kesi ikiwa barazani, pakacha la watoto husubiri. Ya pili: anayeita baraza hulilisha baraza. Analeta pakacha limejaa, analiweka katikati, wazee wanatafuna, ndipo anasema shida yake. Chonge alizijua zote mbili. Ile ya kwanza aliipenda kweli kweli.

Basi akaenda na kesi yake. "Mvua haikunyesha, ndago hamna!" Akashindwa. Lakini siku zilikuwa zimeyoyoma, mwezi umepita, na pakacha limepita nao.

Pa-pa-pa-pa! "Unaitwa, Bi Nyamvula."

"Watoto wamekua, wajichimbie!" Chonge akadai. Watoto wenyewe hata meno ya kuchimbia hayajatokeza. Akashindwa.

Pa-pa-pa-pa! "Unaitwa tena, dada. Nisamehe."

"Watoto si wangu!" Hebu tazameni! Vinundu vya mashavuni vilevile, maringo yaleyale. Baraza zima likacheka. Akashindwa.

Kushindwa hakukumuuma. Mwezi ulipita, na hilo ndilo alilotaka. Mgongo unauma, kesi. Njia ni ndefu, kesi. Nyamvula hakuniamkia vizuri, kesi! Mara sita aliita, mara sita Nyamvula aliacha kuchimba akaenda, kwa sababu asipofika amri inafutwa.

Kiangazi kikaingia. Ardhi ikakauka kama chungu. Nyamvula akachimba mpaka sugu zikatoka damu. Watoto wakakonda, masikio yakawa makubwa kuliko vichwa. Ikafika siku akisikia pa-pa-pa, hata ya paa anayejipitia zake, anaacha kuchimba. Aliogopa jamani, msidhani hakuogopa.

Pa-pa-pa-pa!

"Safari hii anataka amri ifutwe kabisa," Digidigi akasema, macho chini. "Moja kwa moja."

Nyamvula akawachukua watoto wote watatu, akaenda nao. Angewaacha na nani?

Hakimu alikuwa Nyati, mama mzito, maneno machache. Katikati ya baraza pakacha la Chonge limekaa, ndago zimejaa pomoni. Wazee wanatafuna, karu, karu, karu.

Chonge akasimama. Sauti akaifanya nyonge. "Mheshimiwa Hakimu, wazee wangu, meno haya yamekwisha. Siwezi kuchimba hata ndago moja. Nifutieni amri hii, nife kwa amani."

"Masikini," mzee mmoja akasema, mdomo umejaa.

Wakati huo Tabu, kitindamimba wa Nyamvula, alisikia harufu. Akachomoka kwa mama yake, tii, tii, tii, mpaka kwenye pakacha. Akazamisha pua. Karu, karu, karu!

"Mwizi!" Chonge akaruka, mkia juu. "Mtoeni huyo! Ndago zangu hizo! Nimezichimba leo asubuhi, kwa meno yangu haya haya!"

Baraza zima likamgeukia.

Jamani! Mdomo uliponza kichwa.

Nyamvula alikuwa amekwenda kumshika mtoto. Akapiga magoti pale pale kando ya pakacha. Alikuwa amechoka, hana hata nguvu ya kugomba.

"Mheshimiwa, nina swali kwa tarishi tu. Tarishi, Bwana Chonge ameita baraza mara ngapi?"

"Mara saba."

"Ameleta mapakacha mangapi?"

"Saba. Yote yamejaa."

"Na wanangu wamekosa mapakacha mangapi?"

"Saba, dada."

Nyati alikuwa na ndago mdomoni. Akaacha kutafuna. Akaitema, akaitazama pale chini.

"Chonge," akasema, "kumbe ulikuwa nazo. Kila mwezi ulikuwa nazo. Na sisi wazee wazima tumekaa hapa tunakula chakula cha watoto, wala hatuulizi. Aibu yetu."

Wazee wengine wakatazama kwato zao.

"Sikilizeni. Amri inabaki. Kuanzia leo, kesi iwepo isiwepo, pakacha halisubiri. Na yale saba tuliyokula, tutayachimba sisi."

"Sisi?" mzee mmoja akaguna.

"Wewe wa kwanza."

"Nitafungua kesi!" Chonge akapiga kelele.

"Fungua, baba. Ila ukirudi na neno hili hili, njoo na mapakacha mawili. Moja la baraza, moja la watoto. Na la watoto litangulie."

Chonge akahesabu kichwani. Moja... mawili... Mkia ukashuka taratibu. Tangu ngiri wawe ngiri, mkia ule haukuwahi kushuka.

Nyamvula akarudi na wanawe na zile ndago zilizobaki pakachani. Hata hivyo hakuamini. Mwezi ulipokaribia kuandama, usingizi ukamruka. Akakaa mlangoni, anasikiliza.

Pa-pa-pa-pa!

Nyamvula akasimama. "Karibu, tarishi," akasema kwa shida. "Amefungua nini tena?"

"Hajafungua kitu," Digidigi akasema, akatua mzigo. Pu! "Nimetumwa nikuletee pakacha lako, la Chonge hili. La pili liko njiani, wazee wanalichimba huku wananuna."

Nyamvula akatazama pakacha. Akamtazama Digidigi. Akacheka, akalia, akacheka tena. Siku ile hakuchimba. Alilala mchana kutwa, miguu imenyooka, na watoto wakitafuna karibu na sikio lake, karu, karu, karu.

Enyi wakubwa mliokuja na watoto wenu, nimewaona, msijifiche. Anayegharamia kukwepa wajibu angeweza kuutimiza. Na mtoto hali kesi, hula chakula.

Hadithi yangu imeishia hapo, mlangoni kwa Nyamvula. Piteni polepole, amelala.