Ukuta wa Kiboko Mtoni

Hapo zamani za kale, wanangu, palikuwa na mto katika nchi kavu, na mimi nikiukumbuka mkasa wake hadi leo hasira hunipanda.

Theluji ya mlimani iliyoulisha mto huo ilikuwa ikiisha mwaka hadi mwaka, na mvua zilisahau misimu yake. Mto ukawa mwembamba. Hata hivyo ungewatosha wote, kama si Kiboko! Alijenga ukuta wa magogo na tope huko juu, maji yakajaa, akajitosa ndani, chubwi! Mamba akawekwa ukutani kulinda.

Huko chini mtoto wa Mama Digidigi alikauka ulimi, hata kulia hakuweza. Mama akapanda bwawani.

"Hodi, Bwana Kiboko! Mwanangu anakufa kwa kiu. Tufungulie kidogo tu."

"Kwani mimi ndiye niliyezuia mvua? Kalilaumu jua!"

"Jua limetupunguzia. Wewe umetunyima kabisa!"

"Toka hapa, kidudu usiyenifikia hata gotini!" Mamba akacheka, kwa kwa kwa!

Mama Digidigi aliondoka kwa hasira. Yaani aombe maji ya mto aliozaliwa kando yake? Akazunguka nyuma ya ukuta, mahali palipovuja, akajipaka mchanga mbichi puani. Akawanong'oneza jambo Punda Milia, ambao nao kiu iliwashika, kisha akarudi bwawani akijilamba midomo.

"We! Mbona pua imelowa?" Kiboko akashtuka.

"Ah, tumepata maji chini ya mchanga, pale mto unapopinda. Baridi! Matamu! Haya yako ya uvuguvugu baki nayo, bwana."

"Mamba! Nenda ukanichimbie!"

"Lo! Umesahau mila ya bonde hili? Kisima cha mchangani ni cha aliyekichimba. Akichimba Mamba, ni cha Mamba."

Mamba kusikia hivyo, puu! akaruka kutoka ukutani, akatimua mbio.

"Rudi, mwizi we!" Kiboko akamfuata, tumbo likiburuzika.

Wakachimba, kwaru! kwaru! kila mmoja akimsukuma mwenzake. Jua likawachoma, ngozi ya Kiboko ikaanza kupasuka, na mchanga ukazidi kuwa mkavu.

Huko juu Punda Milia waligeuza migongo, wakautwanga ukuta kwa mateke: pwa! pwa! Ukatoboka. Maji yakashuka, ghuuu! yakawazoa walafi wale wawili na kuwabwaga kwenye miiba ya ukingoni.

"Maji yangu!" Kiboko aliguta. "Maji yangu yanakwenda!"

"Yanakwenda yalikokwenda siku zote," alisema Mama Digidigi, huku amemshika mwanawe shingo, naye mtoto akinywa, akipumua, akinywa tena.

Tangu siku hiyo hakuna aliyeachwa aweke hata gogo moja mtoni. Nami hapa nanyamaza, ila shikeni neno hili: kiangazi hupunguza maji, lakini mchoyo ndiye huyamaliza.