Mawingu Matatu ya Zimwi

Sogeeni! Semeni, tumesogea. Basi, hapo kale zimwi la mlimani lilimteka Mghoi, na dada yake Mkawasi akapanda kumfuata.

"Nitamla," likasema zimwi, "usiponieleza kila wingu litakaloitwa na pembe yangu."

Likapuliza. Juu kabisa yakatanda mawingu membamba.

"Hayo ni ya manyoya," akasema Mkawasi. "Hayanyeshi, ila hutuambia hali ya hewa itageuka."

Likapuliza tena. Yakaja meupe, yamefumuka kama pamba.

"Hayo ni ya mafungu. Hutupa kivuli, nasi tunaendelea kulima."

Likapuliza mara ya tatu. Fungu moja likakua, likapanda kama mnara, tumbo jeusi, kichwa kimetanuka. Mkawasi aliogopa. Njia ya kushukia ilikuwa wazi, angeweza kumshika mdogo wake wakimbie. Lakini aliona zimwi nalo linatetemeka.

"Hilo ni la radi! Tuingie pangoni mwako!"

Akawavuta wote wawili ndani. Papo hapo radi ikapasua mti pale walipokuwa wamesimama.

Mvua ilipokatika, zimwi likasema kwa sauti ndogo, "Radi iliwaua ndugu zangu wote. Sikujua hutoka wingu lipi, na kila niliyemuuliza alinikimbia."

"Ungeuliza bila kuteka watu," akasema Mkawasi.

"Nisamehe, dada."

Mkawasi akakaa nalo mpaka jioni, akilifundisha kutazama vichwa vya mawingu. Kisha wakateremka, Mghoi amelala fofofo mabegani mwa zimwi.

Nami nawaacha hapo, tusije tukamwamsha.